Maktaba ya Chuo na Shamba la Soy

Msafiri aondokaye Eldoret kwa njia ya Kitale, akishika upande wa kaskazini-magharibi, hufika Soy baada ya mwendo wa kilomita 20 na kidogo. Nchi aionayo ni tambarare yenye miinuko midogo, na upepo wake wa asubuhi ni wa baridi, kwa kuwa uwanda huu wa Uasin Gishu uko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Pande zote za barabara ni mashamba: mahindi kwanza, kisha ngano, kisha malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mvua zianzapo, mwezi wa Machi au Aprili, trekta husikika tangu alfajiri. Na ifikapo Novemba mabua hukauka, mahindi huvunwa na kupukuchuliwa, na magunia hupangwa mbele ya nyumba yakingoja lori.

Mambo ya nchi hii hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1908 kundi kubwa la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini lilipanda kuja Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na mashamba yakagawanywa kwa namba. Posta ya kwanza iliwekwa mwaka 1910 katika shamba namba 64, na ndiyo sababu wazee wengi waliuita mji wa Eldoret kwa jina la Sisibo. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na tawi lake likafika Kitale mwaka 1926, likachukua mahindi na ngano ya walowezi. Soy ikajulikana kwa klabu yao, waliyokutana kwa michezo na mazungumzo, na Mwafrika alijulikana huko kama mtumishi au kibarua. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mashamba mengi makubwa yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, yakakatwa vipande vipande, na leo wenye kulima ni wana na wajukuu wa wale waliokuwa wakilima kwa mshahara.

Mkulima wa Soy, basi, anajua thamani ya gunia. Gunia moja la mahindi makavu ni kilo 90, na kila moja lina kazi yake kabla halijauzwa: hili la chakula cha nyumbani, hili la mbolea ya mwaka ujao, na haya ya karo. Mzazi mwenye mtoto katika chuo huhesabu magunia ya karo kwa moyo mzito kidogo, maana shamba si kubwa kama zamani na mvua haina ahadi. Ndipo mtoto arudipo likizo, mzazi humwuliza swali lililo la haki kabisa: "Mwanangu, huko chuoni umepata nini kiwezacho kutusaidia hapa?"

Wengi hujibu kwa kutaja masomo waliyofundishwa na mitihani waliyofaulu. Ni wachache wawezao kutaja maktaba. Nao wasioitaja wameacha nyuma sehemu kubwa ya mali iliyolipiwa kwa mahindi.

CHUO CHA CHEPKOILEL

Mtu wa Soy atakaye kuiona mali hiyo kwa macho hana haja ya kwenda Nairobi. Na apande gari hadi Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, kisha ashike njia ya Ziwa kwa kiasi cha kilomita 9. Hapo, mahali paitwapo Chepkoilel, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Eldoret.

Chuo hicho kina historia iwapasayo wakulima kuijua. Mwaka 1946 walowezi walianzisha mahali hapo kituo cha kufundishia wakulima wa mashamba makubwa, yaani wao wenyewe. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu. Mwaka 1990, wakati mikupuo miwili ya wanafunzi ilipotakiwa kuingia vyuo vikuu kwa pamoja, Chuo Kikuu cha Moi kilipachukua pakawa tawi lake la masomo ya sayansi. Mwaka 2010 tawi hilo likapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwezi wa Februari 2013 likapewa hati ya kujitegemea kwa jina lilionalo leo. Hivyo mahali palipojengwa ili kumfundisha mlowezi kulima ndipo mjukuu wa kibarua wake anapojifunza sayansi ya udongo.

Jambo hilo si dogo, na kwa habari ya vitabu ni kubwa zaidi. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, yenye nguzo zake za mawe na ngazi pana, ilifunguliwa mwaka 1931. Lakini Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo mpaka mwaka 1958. Kwa muda wa miaka 27 mtu aliweza kupita mbele ya mlango ule kila siku, hali anajua kusoma, asiingie. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilijitahidi kuwafikishia Waafrika vitabu kwa masanduku na kwa posta, na karani au mwalimu wa shamba aliyeazima kitabu kimoja kwa njia hiyo alikihifadhi kama yai. Kijana wa leo apitaye mbele ya maktaba iliyo wazi, akaenda zake kwa sababu hana mtihani wiki hii, hana budi kukumbushwa habari hizo.

YALIYOMO NDANI

Wanafunzi wengi waingiapo maktaba kwa mara ya kwanza hutafuta kiti na meza tu. Huketi, hufungua daftari zao wenyewe, husoma yale waliyoandika darasani, kisha huondoka. Hilo si kosa, kwa maana mahali penye kimya na taa ni neema kwa mtu akaaye chumba kimoja na wenzake wanne. Lakini ni sawa na mtu aliyekaribishwa ghalani akakaa kizingitini akila mahindi ya kuchoma aliyokuja nayo mfukoni.

Ufunguo wa kwanza wa ghala hili ni orodha kuu ya vitabu, ambayo zamani iliandikwa katika kadi zilizopangwa kwenye visanduku, na siku hizi imo katika kompyuta. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nayo orodha hii ndiyo daftari la maktaba. Mtu aweza kutafuta kwa jina la mwandishi, au la kitabu, au la jambo lenyewe. Orodha humpa alama, na alama humpeleka kwenye rafu. Katika mpango uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, kilimo chote ni namba 630, mimea ya shambani ni 633, na mifugo ni 636. Katika mpango mwingine, wa Maktaba ya Bunge la Marekani, kilimo ni herufi S. Ajuaye alama ya jambo lake hupata faida nyingine pia: vitabu vya jambo moja huwekwa pamoja, hata aliyekuja kutafuta kimoja huona vinne vingine jirani yake asivyovijua.

Ufunguo wa pili ni mkutubi. Wako wanafunzi wamwonao mkutubi kuwa askari wa kunyamazisha watu na kukagua mikoba mlangoni. Kumbe mtu huyu amesomea kazi ya kutafuta habari, nayo ndiyo kazi yake ya kwanza. Mwanzoni mwa mwaka maktaba za vyuo huwatembeza wanafunzi wageni na kuwaonyesha mambo. Wengi hawaendi, au huenda wakicheka na wenzao, kisha hupoteza siku nzima kutafuta jambo ambalo mkutubi angewaonyesha kwa dakika kumi. Kuuliza si ujinga, na mbele ya meza ya mkutubi hakuna swali la aibu.

Tena iko sehemu ya vitabu vya kuazima kwa saa chache, vile vitakiwavyo na darasa zima, ili mmoja asivichukue mwezi mzima wenzake wakakosa. Iko sehemu ya vitabu visivyotoka nje kamwe, kama kamusi, ramani na ripoti za serikali. Iko mitihani ya miaka iliyopita, ambayo hiyo kila mwanafunzi aijua bila kuonyeshwa. Na ziko sehemu mbili ambazo wengi hawazijui kabisa mpaka mwaka wa mwisho: majarida ya kitaalamu, na tasnifu.

KITABU NA JARIDA

Tofauti ya kitabu na jarida yafaa ielezwe kwa mfano wa mahindi yenyewe. Mwanafunzi atakaye kujua asili ya mbegu za nyanda za juu atapata habari nzuri katika vitabu vya zamani. Atasoma jinsi kazi ya kuzalisha mahindi chotara ilivyoanza Kitale mwaka 1955, chini ya mtaalamu Michael Harrison. Jinsi mbegu kutoka Ecuador ilivyooanishwa na mbegu ya Kitale. Na jinsi chotara iitwayo H611 ilivyotolewa kwa wakulima mwaka 1964. Ataelewa pia kwa nini nguvu ya chotara hupungua mtu apandapo tena punje za mavuno yake mwenyewe, hata ikampasa kununua mbegu mpya kila mwaka. Habari hizo hazizeeki.

Lakini mwezi wa Septemba 2011 ugonjwa mgeni ulionekana katika mahindi ya Bomet, majani yakanyauka na bua likafa kabla ya punje kujaa. Wataalamu waligundua kwamba virusi vya aina mbili vikikutana katika mmea mmoja ndivyo viletavyo maangamizi hayo. Mwaka 2017 wakaja viwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika, wakaingia Kenya kwa upande wa magharibi. Kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1990, hata kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kusema neno juu ya maadui hao wawili. Jarida litokalo kila mwezi au kila robo mwaka ndilo lililoandika habari zao. Kwa hiyo msomaji mwenye busara hutazama mwaka wa kupigwa chapa kabla ya kukitegemea kitabu, kama vile mkulima atazamavyo tarehe iliyo juu ya mfuko wa mbegu.

Majarida hayo ni ghali mno, na hakuna chuo cha Kenya kiwezacho kuyanunua yote peke yake. Ndiyo sababu maktaba za nchi hii ziliunda ushirika mwaka 2003, zikawa zinalipia majarida ya kompyuta kwa pamoja ili bei ishuke, kama wakulima wanunuavyo mbolea kwa chama. Mwaka huo huo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango uitwao AGORA, uzipao taasisi za nchi zisizo tajiri majarida ya kilimo bure au kwa bei ndogo. Upo na mwenzake wa mambo ya afya, uitwao HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani. Pale chuo kilipoingia katika mipango hii, mwanafunzi hupewa jina na neno la siri la kufungulia, na mara nyingi aweza kusoma hata akiwa nje ya chuo. Basi kijana aliyeketi nyumbani Soy wakati wa likizo, mwenye simu na mtandao, aweza kusoma jarida ambalo mtu asiye na chuo angedaiwa pesa nyingi kwa makala moja. Wanafunzi wengi humaliza masomo bila kuliulizia neno hilo la siri hata siku moja.

TASNIFU NA UDONGO WA NYUMBANI

Tasnifu ni kitabu kiandikwacho na mwanafunzi wa shahada ya juu baada ya kufanya uchunguzi wake. Haiuzwi madukani, na aghalabu huonekana kuwa kitu kikavu, chenye majedwali mengi. Lakini ndiyo iliyo karibu na shamba kuliko vitabu vyote. Vitabu vikubwa vya kilimo huandikwa Ulaya na Marekani, na mifano yake ni ya udongo wa huko. Tasnifu za vyuo vya upande huu hutokana na majaribio yaliyofanywa Uasin Gishu na Trans Nzoia, katika mashamba ambayo msomaji aweza kuyafikia kwa baiskeli.

Na achukuliwe, kwa mfano, mwanafunzi atokaye Soy, ambaye baba yake analalamika kwamba mahindi hayarudishi gharama ya mbolea. Kila mwaka mbolea ni ile ile ya kupandia, ya DAP, na kila mwaka magunia yanapungua. Mwanafunzi huyo akiingia maktaba na swali la baba yake, atapata kwamba jambo hili limechunguzwa sana. Udongo mwingi wa Uasin Gishu una asidi. Mbolea yenye amonia, itiwapo miaka mingi mfululizo, huiongeza asidi hiyo. Udongo ukiwa na asidi nyingi huishika fosforasi mmea usiipate, na alumini iliyomo ardhini huyeyuka ikaharibu mizizi. Hivyo mkulima hununua fosforasi kwa bei kubwa, akaizika, nayo ikafungwa chini ya miguu yake. Dawa ijulikanayo ni chokaa ya kilimo, lakini si kwa kukisia: hupimwa udongo kwanza, maana chokaa ikizidi nayo hudhuru.

Kisha ataulizia kitabu cha mwongozo wa usimamizi wa mashamba ya Kenya, kilichoandikwa na Ralph Jaetzold na Helmut Schmidt na kutolewa na Wizara ya Kilimo mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambacho kiliigawanya nchi katika kanda za kilimo kwa kadiri ya mvua na joto. Humo ataiona wilaya yake mwenyewe katika ramani, na ataweza kulinganisha mvua ya upande wa Soy na ya sehemu za juu zaidi. Maarifa hayo matatu, yaani tasnifu, makala na ramani, hayamgharimu hata senti moja zaidi ya karo iliyokwisha kulipwa.

Inafaa kusema wazi kwamba karatasi haimlimii mtu. Kijana akirudi Soy na kumwambia baba yake kwamba amekosea miaka ishirini, hatasikilizwa, na pengine hastahili kusikilizwa. Lakini akisema, "Baba, tuupime udongo wa kipande kimoja, tuone," hapo mazungumzo yatakuwa ya watu wawili wenye kazi moja. Mzee anajua ni kona gani ya shamba hukauka mapema na ni mwaka gani mvua ilikatika. Hayo hayamo katika maktaba yo yote. Kijana naye analeta yale ambayo mzee hakuwa na njia ya kuyafikia.

ADABU YA MAKTABA

Ghala huharibiwa na panya wachache. Mwanafunzi akatajaye kurasa mbili za kitabu ili asijisumbue kunakili amewaibia wote watakaokifungua baada yake. Afichaye kitabu katika rafu isiyo yake, ili wenzake wasikipate kabla ya mtihani, ameshinda wiki moja na kukipoteza kitabu kwa mwaka mzima. Na anakiliye maneno ya mwandishi mwingine akayaweka katika kazi yake bila kumtaja amejinyima jambo alilolijia, kwa maana kutaja mahali habari ilipotoka ndiko kumwezeshako msomaji kwenda kuihakikisha. Afadhali mwanafunzi awe na daftari dogo, aandike jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa, siku ile ile aliyosoma.

Wasio wanafunzi nao wasikate tamaa. Vyuo vina masharti yake juu ya wageni, na mtu hana budi kuuliza mlangoni kabla ya kutegemea kuingia. Lakini mjini Eldoret iko maktaba ya umma, iliyo tunda la kazi iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1965 ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa. Na kwa mwanafunzi ambaye amekosa kitabu Chepkoilel, iko maktaba kubwa ya Chuo Kikuu cha Moi huko Kesses, kusini-mashariki ya Eldoret, iliyopewa jina la Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza tangu mwaka 1979 hadi 1990. Mkutubi wa chuo kimoja ndiye wa kuulizwa njia ya kufika kwa mwenzake.

Jioni magari ya njia ya Kitale hushusha watu Soy mmoja mmoja, na wanafunzi wa likizo huwa miongoni mwao, na mikoba yao mgongoni. Mzazi aliyesimama kando ya barabara haoni kilichomo mkobani. Lakini swali lake ni lile lile, na magunia aliyoyauza yampa haki ya kuliuliza. Kijana aliyeutumia ufunguo wa maktaba atakuwa na jibu, hata likiwa ni karatasi moja tu iliyonakiliwa vizuri, yenye jina la mwandishi na mwaka, ya kusomwa mezani baada ya kukamua ng'ombe, kabla mvua ya kupandia haijaanza.